Mvua ya paa langu Colorado: ni yangu au ni ya mto?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Kitui, sasa naishi Aurora, Colorado. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba inayojitegemea, yenye kiwanja kidogo nyuma. Kwetu nimekua nikijua kwamba nyumba isiyo na tangi haijaisha kujengwa. Kwa hiyo mwezi wa nne nilinunua tangi la plastiki la lita 1,000, lile lenye kizimba cha chuma, nikaliweka chini ya bomba la gata ili nimwagilie sukuma wiki na kunde. Juma lililopita chama cha wamiliki wa nyumba cha mtaa wetu kimeniandikia barua: kukinga mvua hakuruhusiwi, niliondoe katika siku 14. Jirani naye ameniambia nishukuru kuwa ni barua tu, kwa sababu kuna mtu Oregon alifungwa jela kwa kukinga mvua. Kweli mvua iliyonyesha juu ya paa ninalolilipia mkopo inaweza kuwa mali ya mtu mwingine?

Jibu: Dada yangu, pole kwa barua hiyo. Nianze na habari ya jela, maana naona ndiyo iliyokutia hofu. Mambo ya Oregon yalitokea, ila umesimuliwa nusu. Mwaka 2012 mzee mmoja wa Eagle Point alihukumiwa siku 30 jela na faini ya dola 1,500. Alichokuwa nacho shambani ni mabwawa matatu yaliyozuiwa kwa kuta, yenye maji yanayokaribia galoni milioni 13, yaani lita milioni 49 hivi. Hayo ni matangi 49,000 kama lako. Tena alikuwa amevutana na serikali ya jimbo kwa miaka kumi juu ya mabwawa hayohayo. Oregon hiyohiyo inamruhusu mwenye nyumba kukinga maji ya paa lake. Kwa hiyo hilo liweke pembeni, ulale.

Sasa barua. Chama chenu kimekosea. Colorado ilipitisha sheria ya mapipa ya mvua mwaka 2016, Gavana John Hickenlooper akaisaini mwezi Mei, ikaanza kutumika tarehe 10 Agosti mwaka huo. Inamruhusu mkazi wa nyumba ya familia moja, au wa jengo lisilozidi makazi manne, kukinga maji ya paa kwa mapipa. Na inavizuia vyama vya wamiliki kuyapiga marufuku. Ambacho chama kinaweza kufanya ni kuweka masharti ya kiasi kuhusu sura ya kitu: rangi, mahali pa kukiweka, kisionekane vibaya kutoka barabarani. Kukataa kabisa, hapana.

Lakini na wewe umezidisha. Sheria hiyo inaruhusu mapipa mawili tu, na kwa pamoja yasizidi galoni 110, ambazo ni lita 416. Tangi lako peke yake ni zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Pipa lazima liwe na mfuniko unaofungika. Maji yatoke kwenye paa la nyumba yako na yatumike nje, katika kiwanja hichohicho: kumwagilia mboga, nyasi, maua. Kunywa, kupikia, kufulia au kuoshea ndani ya nyumba hakumo. Kwa hiyo ukiwajibu kwa ukali na tangi la lita 1,000 bado limesimama hapo, watakuwa na la kukushika. Jibu kwa ustaarabu na kwa maandishi: naondoa tangi, naweka mapipa mawili yanayoruhusiwa na sheria ya jimbo ya 2016, naomba mniletee masharti yenu ya mwonekano kwa maandishi.

Hayo ndiyo ya haraka. Swali lako la mwisho ndilo kubwa, na nisingependa kulipita juujuu, kwa sababu nimeona Waswahili wengi huku wakilijibu kwa maneno mawili, "mvua ya Mungu," na mjadala ukaishia hapo. Mvua ni ya Mungu, sawa. Mto nao ni wa Mungu, na ulikoteremka kuna watu.

Kwetu Kenya, Sheria ya Maji ya 2016 inaweka rasilimali zote za maji mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi, lakini haidai kibali kwa maji yaliyohifadhiwa kwenye tangi au hifadhi iliyojengwa kwa kazi hiyo ambayo si sehemu ya mto. Ndiyo maana hakuna afisa aliyewahi kumuuliza mama yako habari ya tangi lake. Tanzania nayo, katika sheria yake ya 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji, inamwachia mwenye ardhi ajenge vyombo vya kukinga mvua kwa matumizi ya nyumbani, mabwawa yakiwa jambo jingine. Kwa jumla, sheria zetu zinaanza kuyadhibiti maji yakishakuwa mto, ziwa au chemchemi. Kabla ya hapo aliyeweka chombo anaachiwa ayatumie.

Colorado wamelianza jambo hili upande wa pili kabisa. Wachimba dhahabu walimiminika kuanzia 1859 kwenye nchi kavu, na mchanga wa dhahabu huoshwa kwa maji, nayo maji yalikuwa mbali. Wakachimba mifereji kuyahamisha kutoka mtoni. Wakulima wakafuata, nao wakachimba ya kwao. Ikazuka kanuni ya kambini: aliyetangulia kuyachukua maji na kuyafanyia kazi ya maana ndiye wa kwanza kuchukua, hata kama shamba lake haligusani na mto. Kanuni hiyo ikaingia kwenye katiba ya jimbo ya 1876. Mwaka 1879, wakati wa ukame, wakulima wa mto St. Vrain walikwenda wakabomoa kizuizi cha mfereji wa Left Hand uliokuwa ukihamisha maji kwenda bonde jingine. Walidai wao ndio wanaokaa ukingoni, hivyo maji ni yao. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Colorado, na mwaka 1882 wakashindwa. Tangu hapo ukingo wa mto haukupi kitu. Kinachokupa ni tarehe.

Kama uliwahi kufika Uchagani, utaelewa upesi. Mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya Kilimanjaro kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, una ukoo wake uliouchimba, na ukoo huo una sauti ya kwanza, wengine wanapewa zamu. Colorado ni hivyohivyo, ila imeandikwa mahakamani na inahesabu siku. Mwenye haki ya 1870 akipungukiwa anatoa wito, na wote waliokuja baadaye juu yake wanafunga malango yao mmoja baada ya mwingine, wa mwisho kuja akiwa wa kwanza kufunga, mpaka huyo mkubwa apate maji yake yote. Hakuna kugawana upungufu. Wa kwanza anashiba, wa mwisho anaweza kukosa kabisa.

Sasa weka mvua humo. Sheria ikachukulia kwamba kila tone linaloanguka liko njiani kwenda mtoni mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mto ulikuwa umeshagawiwa wote, hata kupita kiasi. Kwa hiyo pipa la mtu wa mjini lilihesabiwa kama mfereji mpya uliokuja jana, ukajiweka mbele ya foleni ya miaka 150. Ndiyo sababu iliyofanya jambo hili kuwa haramu kwa karibu kila mwenye nyumba. Mwaka 2009 walilegezewa watu wa mashambani wanaotegemea kisima chenye kibali na wasiofikiwa na bomba la mji. Wa mjini waliendelea kungoja. Mswada wa 2015 ulipita Baraza la Wawakilishi, ukafia Seneti. Wa 2016 ndio ukapita, ukiwa umefungwa vizuri: pipa la mvua si haki ya maji, na Mhandisi wa Jimbo, afisa anayesimamia haki za maji, anaweza kulisimamisha likithibitika kumwumiza mwenye haki ya awali.

Niliwahi kusimama na mkulima karibu na Greeley, mwezi wa saba, mbele ya lango la mfereji wake. Ni bamba la chuma lenye usukani juu, linapandishwa na kushushwa, na siku hiyo lilikuwa limeshushwa na kufungwa kwa mnyororo na kufuli. Kufuli halikuwa lake. Lilikuwa la msimamizi wa maji. Nyuma ya bamba maji yalikuwa yakipita, meupe kwa povu, nusu mita kutoka viatu vyake, yakienda kwa mtu mwenye tarehe ya zamani kuliko yake. Mahindi yake yalikuwa yamekunja majani kama sigara. Akaniambia hana ugomvi na anayeyapata. Babu yake angechimba mapema, angekuwa yeye. Mwaka 2006 visima zaidi ya 400 vya wakulima kando ya mto South Platte viliamriwa kuzimwa, wengine wakiwa wameshapanda. Watu waliopitia hayo wakisikia mamilioni ya wakazi wa mjini wataweka matangi, wanashtuka, na siwezi kuwacheka. Sisi tunaojua Ewaso Ng'iro inavyokauka chini Isiolo wakati huko juu Laikipia mashamba yanamwagiliwa tunapaswa kuwaelewa kuliko mtu yeyote.

Hata hivyo hofu ina kipimo chake, na hapa ndipo ninapotofautiana nao. Mwaka 2007 ulifanyika utafiti Wilaya ya Douglas, kusini mwa hapo ulipo, kuangalia mvua inayoanguka kwenye ardhi ambayo haijajengwa inaishia wapi. Kwa wastani asilimia 3 hivi tu ndiyo iliyofika mtoni. Iliyobaki ilinywewa na nyasi au ikarudi hewani. Wapenzi wa mapipa waliishika takwimu hiyo kama ngao: mnaona, hatumwibii mtu. Mimi niko upande wao, lakini hoja hiyo inatumiwa vibaya. Paa si mbuga. Vigae vya lami havinywi. Mvua ikipiga paa lako karibu yote inashuka, na inakokwenda kunategemea jambo moja dogo ambalo naomba ukaliangalie mvua ijayo: mdomo wa mlizamu wako, yaani lile bomba la gata, umeelekea wapi?

Kama unamwaga kwenye nyasi, maji yanaishia hapohapo. Pipa hapo halipunguzi mto hata kikombe, linabadilisha siku tu: badala ya nyasi kunywa leo, kunde zitakunywa Alhamisi. Lakini kama unamwaga kwenye saruji ya kuegeshea gari, maji yanateremka barabarani, yanaingia kwenye tundu la mtaro, na kwa maeneo mengi ya Aurora saa hiyohiyo yako Toll Gate Creek, kisha Sand Creek, kisha South Platte kule Commerce City. Hayo yanahesabika. Mbele kidogo, karibu na Brighton, mji wenu wenyewe una visima kando ya mto huo vinavyochukua tena maji ambayo Aurora ina haki ya kuyatumia mara ya pili, yanasukumwa kwa bomba la kilomita 55 kurudi juu na kusafishwa. Mradi huo ulianza kazi 2010. Kwa hiyo tunaposema "mto" tusidhani ni wa watu wa mbali tu. Sehemu ya maji ya jikoni kwako yamepita humo.

Ila kuna upande ambao wakulima huuruka. Kabla nyumba yako haijajengwa, kiwanja hicho kilikuwa nyika, na nyika ilimpa mto hiyo asilimia 3. Ni paa na lami vilivyoongeza maji ya mtaro. Mwenye haki ya 1870 hakuipata haki yake kwa kutegemea paa la mwaka 1990. Kwa maoni yangu, haki ya mwenye nyumba ingepimwa kwa kile ambacho mto ungekosa kweli: maji ambayo ardhi ingeyanywa bila nyumba, mwenye nyumba aachiwe ayakinge, yanayozidi hapo, yaende. Colorado yenyewe imeshaikubali hesabu hii kwa mlango wa nyuma. Sheria nyingine ya 2009 ilifungua miradi ya majaribio kwa mitaa mipya, ambapo mjenzi anaruhusiwa kukinga mvua bila kulipa mto yale ambayo uoto wa asili ungeyatumia, na mtaa mpya wa Sterling Ranch huko Douglas umejiunga. Kama ni haki kwa mjenzi wa maelfu ya nyumba, sioni kwa nini mwenye nyumba moja abaki na lita 416. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walipokokotoa athari za mapipa mawili kwa kila nyumba, hawakuona upungufu wa kupimika mtoni. Jirani zenu Utah, wenye ukame uleule na kanuni ileile ya tarehe, tangu 2010 wanamruhusu mtu kukinga hadi galoni 2,500, karibu lita 9,500, akijiandikisha tu. Mito ya Utah haikukaukia kwenye matangi hayo. Colorado inaweza kufika huko, na naamini watu kama wewe, waliokua na tangi, ndio wanaofaa kwenda kuliambia bunge la Denver jinsi inavyofanyika.

Mpaka siku hiyo ifike, fanya kazi na ulichonacho. Hesabu ni ile ya nyumbani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 25 linashusha lita 3,750. Mapipa yako mawili yatabeba 416. Hata ukiyatenga kila moja kwenye mlizamu wake, unaobeba robo ya paa, pipa la lita 208 linajaa mvua ikifika milimita tano na nusu hivi. Yanayobaki yanamwagika. Wengi hukata tamaa hapo. Usikate, kwa sababu sheria inahesabu maji yaliyohifadhiwa kwenye chombo. Kuelekeza mlizamu kwenye bustani, maji yakatapakaa na kuzama bila kuhifadhiwa, kumeruhusiwa Colorado, na hakuna galoni 110 hapo. Hifadhi yako kubwa ni udongo.

Wewe ni Mkamba, sina la kukufundisha kuhusu matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Fanya lilelile kwa udogo. Toa maji ya mlizamu kwa mfereji mfupi wenye mawe hadi kwenye kijibonde cha kina cha sentimita 15 hadi 20, kiwe bapa chini, kingo zake zipandwe mboga, na pawepo njia ya maji kutokea yakizidi, isielekee kwa jirani. Lakini angalia kitu ambacho Kitui hakikusumbui hivi: ardhi ya huku, kwenye ukanda huu wa miguu ya milima, ina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na umepasua misingi ya nyumba nyingi. Kijibonde kikae mita 3 au zaidi kutoka ukutani, na ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba, isiirudie. Hili usilifanyie mzaha hata kidogo.

Kuhusu mapipa yenyewe, unajua kuyatunza, ila mambo mawili ya huku ni tofauti. Mbu wa huku hawana malaria, lakini wanabeba virusi vya West Nile, vilivyoingia Colorado 2002 na kuua watu mwaka uliofuata. Wavu mwembamba kwenye kila tundu, pamoja na la kufurikia, na maji yaishe ndani ya juma. Halafu baridi: mwezi wa kumi toa maji yote, chomoa bomba, lirudishe kwenye mlizamu, pipa lilale kifudifudi hadi masika. Maji yakigandia ndani yanapasua pipa na koki. Na kwa kuwa paa lako ni la vigae vya lami na si mabati, mwagia maji hayo chini, kwenye shina, si juu ya majani ya sukuma wiki utakayoyachuma jioni. Sukuma wiki zioshe kwa maji ya bomba.

Tangi la lita 1,000 usilitupe. Ukiwa na ndugu au rafiki anayeishi nje ya mji kwa kisima chenye kibali na asiyefikiwa na bomba, sheria ya 2009 inaweza kumfaa yeye, ila kwanza ajaze fomu ya ofisi ya maji ya jimbo. Vinginevyo likate katikati, toboa matundu chini, jaza udongo, utapata vitalu viwili vizuri vya kunde, mradi chama chenu kisilalamikie kizimba.

Kabla hujachimba chochote, fanya kipimo kimoja Jumamosi. Chimba shimo la sentimita 30 pale unapotaka kijibonde, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha uweke rula ndani na uangalie saa. Maji yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, hapo ni mfinyanzi mtupu, na itabidi tutafute kona nyingine ya kiwanja. Niandikie umepata sentimita ngapi, na mlizamu wa nyuma uko umbali gani kutoka ukingo wa bustani.